Anachovuna Mwanafunzi Ng'ambo, na Maandalizi Yake

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma nje ya nchi hurudi na cheti, na cheti ndicho jamaa zake wanachokiulizia kwanza. Lakini kati ya yote anayoyapata huko, cheti ndicho kinachofanana zaidi na kile ambacho angekipata nyumbani. Fizikia ya Nairobi ni ileile ya Berlin. Faida kubwa ziko kwingine: katika namna ya kusoma na kufanya kazi, katika lugha, katika watu anaofahamiana nao, na katika uwezo wa kuitazama nchi yake kwa jicho la mtu aliyewahi kuwa mbali nayo. Faida hizo haziji pamoja na viza. Vijana wawili huweza kupanda ndege moja, wakasoma chuo kimoja kwa ufadhili mmoja, mmoja akarudi mtu mwingine kabisa na mwenzake akarudi na masanduku tu. Tofauti yao hutokana na maandalizi, na pia na jinsi kila mmoja alivyoitumia miezi yake ya kwanza.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya safari za aina hii. Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kuanzia 1949 hadi 1952, na baadaye alieleza kwamba huko ndiko fikra zake za kisiasa zilikopata umbo. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyoandaliwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa Marekani iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi, na hadi 1963 mpango huo ulikuwa umewapeleka Marekani vijana wapatao 800 wa Kenya na nchi jirani. Katika miaka hiyohiyo wengine walielekea Moscow na nchi za kijamaa za Ulaya Mashariki. Kwa mwanafunzi wa leo, mfano wenye mafunzo zaidi kutoka kizazi hicho ni wa Wangari Maathai.

Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 akaenda chuo kidogo cha Mount St. Scholastica katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, alikohitimu shahada ya biolojia mwaka 1964. Kisha akachukua shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma uliosongwa na moshi kwa miaka mingi, na pale aliwaona wakazi na watetezi wa mazingira wakipigania hewa safi. Jambo hilo halikuwemo kwenye ratiba yake ya masomo. Maabarani alijifunza kuandaa tishu na kuzichunguza kwa hadubini, na ujuzi huo wa mikono ndio uliompatia kazi Nairobi, upande wa anatomia ya mifugo, mara baada ya kurudi. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, mwaka 1977 akaanzisha harakati za upandaji miti za Green Belt, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika safari yake faida za aina mbili zilikwenda pamoja: ufundi mahususi uliompa riziki upesi, na jambo aliloliona nje ya darasa lililolingana na kazi iliyokuja kuwa ya maisha yake. Mwanafunzi anayejiandaa kuondoka anapaswa kuitafuta ile ya kwanza kwa makusudi, na kujiachia nafasi ya kuipata ya pili.

Badiliko la kwanza humkuta darasani. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki darasa la mwaka wa kwanza huwa na mamia ya wanafunzi. Mhadhiri anasema, wanafunzi wanaandika, na mtihani ukikaribia madesa yanazunguka kwenye mashine za fotokopi na makundi ya WhatsApp. Anayekremu vizuri hufaulu. Lawama haziwaendei wanafunzi wala wahadhiri, kwa sababu mwalimu mmoja mwenye watu mia nne hawezi kusahihisha insha mia nne kila wiki mbili. Katika programu ya uzamili ya Uingereza au Uholanzi, semina huweza kuwa na watu kumi na tano tu. Wiki moja kabla hutolewa makala tatu au nne za kusoma. Siku ya semina mwalimu huuliza: mwandishi huyu anadai nini, ushahidi wake ni upi, na hoja yake inalegea wapi? Mwanafunzi anayenyamaza kwa adabu, kama alivyolelewa kwamba mkubwa akizungumza mdogo husikiliza, huhesabiwa kuwa hakusoma. Dawa iliyowasaidia wengi ni kuingia darasani na swali moja na pingamizi moja yaliyokwisha kuandikwa kwenye karatasi, na kuwa miongoni mwa wasemaji wa mwanzo, kabla wengine hawajazimaliza hoja nyepesi.

Kazi za maandishi nazo zina desturi zake. Insha ya maneno 3,000 hurudishwa ikiwa na maoni pembeni: hapa umeeleza lakini hujahoji, madai haya ni ya nani, takwimu hii umeitoa wapi. Mwanafunzi aliyezoea kuongoza darasa nyumbani anaweza kupata alama 58 akadhani ameharibikiwa, ilhali katika mfumo wa Uingereza alama 70 tayari ni daraja la juu kabisa, na zinazozidi 80 ni nadra. Kubwa zaidi ni suala la kunukuu. Kuchukua aya ya mtu bila kutaja chanzo, hata kwa kusahau, huitwa wizi wa kitaaluma, na kazi hupitishwa kwenye programu za kompyuta zinazolinganisha maandishi. Mtu anaweza kufutiwa somo, au hata kufukuzwa chuo, kwa kosa ambalo yeye aliliona uzembe mdogo. Kwa hiyo ni busara kujifunza mtindo wa marejeo kabla ya kusafiri, na baada ya kufika kuitumia ofisi ya chuo inayosaidia uandishi wa kitaaluma. Vyuo vingi vinayo, na haina malipo. Saa ambazo mwalimu hupokea wanafunzi ofisini ni haki ya mwanafunzi, na kumwendea si kumsumbua. Aliyeyazoea haya kwa mwaka mmoja hurudi na tabia ya kuuliza ushahidi kabla ya kukubali jambo, na tabia hiyo humfaa katika benki, wizara, chumba cha habari au shambani kwake.

Kwa wanafunzi wa sayansi na uhandisi faida ya wazi ni vifaa. Aliyewahi kushiriki hadubini moja na wenzake kumi hukabidhiwa mashine aiendeshe mwenyewe, aiharibu kidogo, aitengeneze na aiendeshe tena. Kuna tahadhari hapa ambayo wasimamizi wa ng'ambo huwa hawaitaji: mada ya utafiti ichaguliwe kwa kuangalia pia kazi ya baadaye. Anayetumia miaka minne ya uzamivu kwenye kifaa ambacho hakipo katika ukanda mzima hurudi na ujuzi usio na pa kuutumia. Anayetumia vifaa vya huko kujibu swali la kwao, kwa mfano ugonjwa wa mihogo au maji yenye floraidi ya mikoa ya kaskazini mwa Tanzania, huwa na utafiti wa kuendeleza siku anaporudi.

Lugha ni faida ambayo wengi huidharau kwa sababu kozi yao hufundishwa kwa Kiingereza. Ujerumani, Hungary, Uturuki na China zote zina programu za Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kumaliza shahada bila kujua zaidi ya salamu za nchi hiyo. Huyo ameishi kwenye kisiwa. Mapokezi ya hospitali, mwenye nyumba, ofisi ya uhamiaji na kazi ya muda vyote vinaendeshwa kwa lugha ya wenyeji. Kwa wanaosomea udaktari jambo hili ni zito zaidi. Miaka ya mwanzo huweza kufundishwa kwa Kiingereza bila shida, lakini mafunzo ya wodini yakianza, mgonjwa wa China au Urusi ataeleza maumivu yake kwa lugha yake. Mwanafunzi asiyemwelewa atasimama nyuma ya wenzake akitazama, na mwanya huo ataurudisha nyumbani pamoja na shahada. Ufadhili wa serikali ya Uturuki huanza na mwaka wa lugha, na ule wa China huwa nao pia kwa wanaosoma programu za Kichina. Waombaji wengi huuona mwaka huo kama ucheleweshaji, kumbe ni zawadi. Kijana wa Mombasa au Dar es Salaam anayerudi na Kichina, Kijerumani au Kituruki cha kufanyia kazi ana kitu ambacho wenye shahada kama yake hawana.

Kiswahili chenyewe huonekana upya mtu akiwa mbali. Lugha hii hufundishwa London, Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Napoli, na katika vyuo vingi vya Marekani. Maktaba ya chuo cha SOAS jijini London imehifadhi miswada ya tenzi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na wanafunzi wa pwani wanaweza kuziomba na kuzisoma humo. Mpango wa Fulbright huwachukua walimu vijana wa lugha, wakiwemo wa kutoka Kenya na Tanzania, wakafundishe vyuoni Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo huku nao wakichukua kozi kadhaa. Kijana aliyeambiwa tangu shule ya msingi kwamba lugha ya maendeleo ni nyingine, halafu akajikuta akiwaeleza Wamarekani ngeli za nomino, hupata heshima mpya kwa kitu alichozaliwa nacho.

Halafu kuna watu. Barua ya mapendekezo ya msimamizi anayemfahamu mwanafunzi vizuri hufungua milango kwa miaka mingi, na wenzake wa darasa la uzamili, waliotoka Ghana, India, Brazil na Vietnam, ndio watakaokuja kuwa wakurugenzi na watafiti wa nchi zao. Mahusiano hayo hujengwa jikoni kwenye hosteli, kwenye kazi za vikundi na katika safari za mwisho wa wiki. Kishawishi kikubwa ni kujifungia na watu wa nyumbani. Jumuiya ya Watanzania au Wakenya ina thamani yake, hasa wiki za kwanza: ndiyo inayojua duka linalouza unga wa ugali, benki isiyosumbua na daktari anayeelewa. Lakini anayekula, kusali, kusoma na kupanga chumba na watu wa nyumbani pekee amelipa nauli kubwa kuishi mtaa uleule.

Ng'ambo si lazima iwe mbali. Kuanzia 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chenye kampasi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam, hivyo vijana wa nchi zote tatu walikaa madawati mamoja. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970, wakati kampasi ya huko, Mlimani, ilipokuwa na mijadala mikali ya ukombozi wa Afrika. Chuo kile kilivunjwa, lakini Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala bado linashughulikia ulinganifu wa shahada katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa familia isiyo na fedha za Ulaya, shahada ya Kampala, Kigali au Nairobi inampa kijana sehemu kubwa ya faida zilizotajwa hapa: mfumo tofauti, walimu wapya, marafiki wa nchi nyingine, na ulazima wa kujitegemea. Nauli ni ya basi.

Muda wa kukaa nao una uzito wake. Muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, kwa mfano chini ya mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, hugharimu kidogo na mara nyingi hulipiwa. Unatosha kumwonyesha mwanafunzi mfumo mwingine, ila hautoshi kumpa lugha. Kabla ya kuondoka lazima yawepo makubaliano ya masomo yaliyosainiwa na pande tatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Humo huandikwa kozi atakazosoma huko na kozi za nyumbani zitakazochukuliwa kuwa amekwisha kuzisoma. Wanaopuuza karatasi hiyo hurudi na matokeo mazuri ambayo idara yao haiyatambui, wakalazimika kurudia muhula. Shahada nzima ya kwanza ng'ambo inafaa pale ambapo fani haipatikani nyumbani au ufadhili ni kamili. Kwa walio wengi wakati mzuri zaidi ni uzamili: mtu ameshakomaa, anajua anachokitafuta, na fedha za ufadhili ni nyingi zaidi katika ngazi hiyo.

Fedha zinahitaji ukweli mtupu. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada kwa mwanafunzi wa nchi yoyote, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Habari hiyo huenea haraka. Inayobaki nyuma ni kwamba mwombaji wa viza asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango hicho ni euro 11,904, zinazowekwa kwenye akaunti maalumu na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi. Uingereza ada huwa kubwa, na tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kawaida hawaruhusiwi kuandamana na mwenzi au watoto, jambo la kuangaliwa mapema na wenye familia. Ufadhili kamili hulipa ada, nauli, bima ya afya na posho. Hata hivyo posho ya kwanza huchelewa kwa sababu akaunti ya benki haifunguliwi siku ya kufika, na mwenye nyumba hataki kusubiri: anataka kodi na amana. Asiyebeba akiba ya miezi miwili huanza masomo kwa madeni.

Kazi za muda zipo, lakini zina mipaka ya sheria. Uingereza huruhusu saa 20 kwa wiki katika muhula kwa wanafunzi wengi wa shahada, na Ujerumani siku 140 kamili kwa mwaka. Anayekwenda akitegemea kubeba maboksi ili alipe ada hukuta hesabu haikubali: mshahara wa saa hizo unaweza kugusa chakula na pango, ada haugusi. Wanaozidisha saa huhatarisha viza, na kabla ya hapo huwa wamekwisha kushindwa kuhudhuria semina zilezile walizosafiri kuzifuata. Ufadhili utafutwe mwaka mzima kabla. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na ahadi ya kurudi nchini kwa miaka miwili, na mengi ya maombi dhaifu hudhoofika palepale pa kawaida: mwombaji ameandika sifa za nchi anayokwenda badala ya kueleza tatizo analotaka kulishughulikia na kwa nini kozi hii, ya chuo hiki, inahusika nalo.

Kuhusu mawakala, nchini Tanzania wanaodahili kwa niaba ya vyuo vya nje hutakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, na kumwomba wakala akionyeshe si utovu wa heshima. Ithibati ya chuo chenyewe ithibitishwe TCU, au kwa Kenya katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kabla ya kulipa hata shilingi moja. Fani zenye mabaraza zina masharti ya ziada. Daktari aliyesomea nje hupimwa kwa mtihani wa baraza la taaluma yake kabla hajaanza utarajali au kusajiliwa, Tanzania na Kenya pia. Anayetaka kuwa wakili Kenya lazima awe amesoma kozi 16 za msingi zilizowekwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na asipozisoma huko atazisoma atakaporudi, kwa fedha zake. Haya yote yanajulikana mapema kwa anayeuliza, na inasikitisha kuona wazazi waliouza kiwanja wakiyajua siku ya usajili.

Afya ya akili inastahili maneno machache yaliyonyooka. Novemba na Desemba, kaskazini mwa Ulaya, jua huzama saa kumi jioni au kabla, na msiba wa nyumbani hupokelewa kwa simu bila uwezo wa kwenda kuzika. Upweke huo ni wa kawaida na hauna uhusiano na udhaifu wa imani wala wa malezi. Vyuo vina washauri nasaha, msaada wao ni siri, na kuonana nao hakuandikwi kwenye matokeo. Kuwa na ratiba ya michezo, ibada au chakula cha pamoja kila wiki husaidia kuliko mazungumzo marefu ya simu ya usiku wa manane yanayomwacha mtu hajalala.

Muhula wa mwisho ndio wa kupanga kurudi, hata kwa anayekusudia kubaki kwa muda kufanya kazi. Sura moja ya tasnifu igeuzwe makala pamoja na msimamizi wakati bado wanaonana kila wiki. Mhadhiri mmoja au wawili wa nyumbani wapelekewe habari za utafiti, ili mtu asirudi akiwa mgeni katika fani yake. Nyaraka zikusanywe: cheti halisi, matokeo ya kila muhula yenye mhuri, barua ya chuo inayothibitisha muda na lugha ya kufundishia, na maelezo ya kila kozi yenye idadi ya saa na mada zake. TCU huhitaji cheti na matokeo ili kuitambua shahada ya nje, na waajiri wa serikali huudai utambuzi huo kabla ya kuajiri. Mabaraza ya taaluma huenda mbali zaidi na kuyadai yale maelezo ya kozi. Kuyapata ukiwa bado chuoni ni kazi ya wiki moja. Kuyaomba kwa barua pepe miaka mitatu baadaye, mhadhiri akiwa amestaafu na kozi imebadilishwa jina, huchukua miezi, na nafasi ya kazi huwa imeshajazwa.